Feni ya jikoni ya marehemu mzee inanguruma tu haizunguki, bi mkubwa kakataa isitupwe

Chachandu
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo vipi.

Nipo Tanga likizo, nyumbani kwa bi mkubwa hapa Chumbageni. Jikoni kuna feni ya kutolea moshi, ile ya kupachikwa ukutani juu ya jiko, bodi ya chuma, mapanga ya alumini, ina na kamnyororo ka kuvuta kufungulia vile vibao vya nyuma. Marehemu mzee aliifunga mimi nikiwa darasa la pili, leo nina mtoto wa darasa la pili. Jina la kampuni lilishafutwa na mafuta kitambo. Bi mkubwa anakaanga maandazi na samaki wa kuuza kila siku ya Mungu kwa hiyo hii feni haijui Jumapili.

Sasa tatizo. Ukiwasha inanguruma mmmmm, haizunguki. Ukiisukuma kwa mwiko inaanza kujivuta kama mgonjwa, inafika mwendo wa nusu hivi, ikikaa kama robo saa unasikia harufu ya kuungua. Fundi wa mtaani kaja kaiangalia kwa macho, hata bisibisi hajatoa mfukoni, kasema mota imekufa nunua mpya ya plastiki. Bi mkubwa kamjibu hiyo feni ni ya mume wangu, ikitoka ukutani na mimi natoka. Fundi kaondoka bila kuaga.

Umeme mimi najua kubadilisha taa na kufunga plagi, basi. Multimita nimeazima. Nianzie wapi?

Nyundo Butu
Ngoja bi mkubwa aende harusini alafu uipeleke skrepa, shaba wananunua vizuri 😂😂

Utani mkuu. Hiyo ni kapasita. Weka mpya maisha yaendelee. Uzi ufungwe.

Kijana wa Luthuli
Naunga mkono. Ikinguruma na ukiisukuma inaenda, kapasita imeisha. Ndani ya hiyo mota kuna koili mbili, moja ya kazi na ingine ya kuanzisha, na kapasita ndio inafanya umeme wa koili ya pili ufike kwa wakati tofauti na ile ya kwanza, hapo ndio mota inajua ielekee upande gani. Hiyo tofauti ikipotea mota inabaki tu kutetemeka mahali pamoja kama mtu ameitwa na watu wawili pande mbili. Soma namba kwa ile ya zamani, iko na uF (maikrofaradi, kipimo cha ukubwa wa kapasita) na volti, nunua kama hiyo hiyo. Huku Nairobi ukiingia mtaa wa Luthuli hukosi, huko kwenu sijui.

Mzee wa Spana
Kijana wangu, wenzio wanakimbilia kapasita kwa sababu ndiyo kitu rahisi kununua. Subiri kwanza.

Bushi kavu (bushi ni kile kibomba kinachoshika shafti ya mota) na kapasita iliyochoka vyote vinanguruma namna moja, sikio halitakwambia. Kitakachokwambia ni kidole. Zima umeme, zungusha panga kwa kidole kimoja uachie. Likiendelea lenyewe mizunguko kadhaa na kusimama polepole, bushi ni nzima, nenda kwenye kapasita. Likisimama palepale kama kuna mtu kalishika, hapo hata ungeweka kapasita ya dhahabu utaiunguza mota tu.

Pili, hesabu waya zinazotoka kwenye mota. Zikiwa mbili tu, na ukichungulia kwenye chuma unaona pete nene za shaba zimepachikwa pembeni ya kila ncha, hiyo mota haina kapasita kabisa, zile pete ndizo zinaifanya ianze. Zikiwa tatu na kuna kiboksi au kikopo kidogo pembeni, ndiyo hiyo wanayoisema wenzio.

Na unapozima uzime mein swichi, au uchomoe plagi kama ipo. Swichi ya ukutani haitoshi. Nimesema mein swichi.

Chachandu
Mzee wangu nimechelewa kukusoma 🤦🏾‍♂️

Jana baada ya hao wawili wa juu kuongea nikatoka mbio mjini. Ya zamani imeandikwa 2 µF 400V. Dukani 2 hawana, jamaa kanipa 4 akasema hii kubwa ndo nguvu zaidi utafurahi mwenyewe. Nimekuja nimefunga, feni ikaondoka kwa kasi bi mkubwa akapiga vigelegele mpaka jirani akachungulia. Nimekaa nakunywa chai kwa ushindi, dakika kama 20 hivi, nasikia inapungua, inapungua, kimya. Sasa hivi hata kunguruma hakuna. Nikishika bodi ni la moto vibaya.

Alafu kuna kingine. Nikazima swichi ya ukutani, nikaanza kufungua maungio ya waya, nikapigwa teke la umeme mpaka nikamwaga chai. Swichi ilikuwa imezimwa, naapa, nimeiangalia mara mbili. Hii nyumba ina jini?

Mzee wa Spana
Jini lako ni fundi aliyefunga hiyo swichi. Alhamdulillah unaandika mwenyewe, tusingekuwa tunasoma tangazo.

Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye.

La kwanza kapasita. Ile ya 2 haikuwekwa 2 kwa bahati, waliopiga hesabu ya koili ya kuanzisha ndio waliichagua, na kwenye feni kama hiyo ile koili haiachi kazi baada ya kuanza, inafanya kazi muda wote feni inapozunguka. Ukiweka 4 unaipitishia umeme mwingi kuliko unene wa waya wake. Itakimbia kweli, itapata moto kweli. Namba ya uF inafuatwa kama ilivyo, volti ndiyo unaruhusiwa kupandisha, pa 400 ukikosa weka 450 hakuna neno.

La pili, teke. Swichi inatakiwa ikate waya wa moto. Kwako inakata nyutro. Kwa hiyo ukizima feni inasimama maana njia ya kurudi imekatika, lakini moto bado umelala ndani ya mota yote unakusubiri. Chukua testa, swichi ikiwa imezimwa gusa waya wa feni. Ikiwaka nimekwambia.

Mkwaju
Naona mzee kamaliza ila niongeze kwa sie tunaokaa nyumba za zamani za pwani. Hizi nyumba waya zake ni nyekundu na nyeusi, ule mtindo wa Mwingereza wa zamani, nyekundu moto nyeusi nyutro. Wajukuu wanakuja na waya mpya, kahawia moto bluu nyutro, mtu anaona bluu inafanana na nyeusi kuliko kahawia au anaona kahawia inafanana na nyeusi, anaunga kwa mapenzi yake. Mie nishaona nyumba moja Ng'ambo huku kwetu Unguja vyumba vitatu vyote swichi zinakata nyutro, na wenyewe wameishi humo miaka wanaona taa zinawaka wanazima wanalala.

Na ethi jee, ule waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja? Zamani waya zilikuwa zinapita ndani ya bomba la chuma na lile bomba ndiyo ethi yenyewe. Sasa kwa hii hewa yetu ya chumvi bomba linaliwa na kutu kwenye maungio, ethi imebaki jina. Hebu angalia kwako wewe, bodi la feni lina waya wa ethi?

Chachandu
Testa imewaka 😳 swichi imezimwa testa inawaka.

Ethi haipo. Kuna skrubu kwenye bodi ina alama ile ya mistari mitatu kama mti umepinduliwa, lakini haina waya. Waya mbili tu zinatoka ukutani, nyekundu na nyeusi, zimeungwa na waya za feni kwa kusokota na kuzungushiwa tepu, na tepu yenyewe imeyeyuka kwa mafuta imekuwa kama lami.

Mota ina waya tatu: nyeusi, nyekundu na njano. Nimetoa kapasita, mein swichi nimezima, nimepima omu:

nyeusi na nyekundu: haisomi kitu
nyeusi na njano: haisomi kitu
nyekundu na njano: 730

Kila waya na bodi: haisomi kitu, nimezungusha mpaka mwisho wa mita.

Ndo imekufa?

Kijana wa Luthuli
Haijakufa! Hizo namba ni tamu sana angalia hapa. Nyekundu na njano inasoma 730, maana yake ukipita koili ya kwanza ukaingia ya pili ukatokea huko ingine, njia iko sawa, koili zote mbili ziko nzima. Pale zinakutana ndio kunatoka waya mweusi, na ni huo mweusi peke yake umekatika. Sasa kwa nini ukatike kwa huo mmoja? Juu ya koili, chini ya ile kamba na karatasi, huwa wanaficha fyuzi ya joto, kitu kidogo kama punje ya mchele iko na miguu miwili, imeunganishwa hapo kwa huo waya wa pamoja. Mota ikipata moto kupita kiasi inakatika na hairudi tena. Kapasita yako ya 4 ndio imeikata. Na bodi haisomi na waya yoyote, hiyo pia ni poa, koili hazijagusa chuma.

Nyundo Butu
Basi rahisi, piga dairekti. Toa hiyo punje unga waya na waya. Mimi ya kwangu nilipiga dairekti mwaka wa tatu huu inadunda.

Binti Pangani
@Nyundo Butu huo ushauri kaupe ukuta wako. Huyu ana feni juu ya karai la mafuta ya maandazi, na feni yenyewe imejaa mafuta miaka ishirini na kitu. Siku bushi ikikwama bi mkubwa yuko sokoni kasahau kuzima, mota inakaa inachemka hakuna cha kuikata, inachemka tu mpaka lile gamba la mafuta lidake moto. Hiyo punje ni ya bei ya andazi, unaitoa ili uokoe nini?

Nyundo Butu
Kwani fyuzi ya kwenye plagi kazi yake nini dada, ikizidi si itakata

Mzee wa Spana
Haitakata. Mota ya wati 35 kwa volti 230 inakula umeme mdogo sana, haifiki hata robo ya ampea. Ikikwama inakula zaidi kidogo, si mara kumi. Plagi yako ina fyuzi ya 13. Koili itageuka mkaa na fyuzi ya 13 haijashtuka. Ile ya joto haipimi umeme, inapima joto, ndiyo maana iko palepale kwenye koili. Na kwa feni kwenye plagi unatoa ya 13 unaweka ya 3, zinauzwa, watu wavivu tu.

Chachandu, usipige dairekti. Fungua mota, tafuta hiyo fyuzi, isome. Tunasubiri.

Chachandu
Ripoti ya leo ni ndefu vumilieni.

Kwanza kutoa mapanga nimehangaika saa nzima. Nati ya katikati nazungusha kushoto inazidi kubana, nikaweka spana ya bomba nikakaribia kuivunja, mjomba kapita kasema jaribu kulia. Ikafunguka kwa vidole. Kumbe ina nyuzi za kinyume! Kwa nini hamkusema.

Mafuta niliyokuta siyo mafuta tena, ni kitu kama gundi ya kahawia, nimekwangua kwa kisu cha siagi nimejaza kikombe. Ndani ya mota pia imeingia kidogo upande wa mbele.

Rota, kile kipande cha mota kinachozunguka, nimeivuta kwa mbinde. Bushi zote mbili zina kitu cheupe-njano kimeganda. Namuuliza bi mkubwa hiki nini, ananiambia kaka yako alikuwa anaitia mafuta ya nazi ikianza kupiga kelele. Mafuta ya nazi wakuu. Mota ilikuwa inapikiwa wali.

Fyuzi nimeipata, ilikuwa imefungwa na uzi juu ya koili ndani ya soksi nyeupe. Imeandikwa 130°C 2A 250V. Nimepima miguu yake haisomi. Nikapima kuanzia nyuma yake: kwenda nyekundu 310, kwenda njano 420. Jumla 730 kama alivyosema mtu wa Luthuli. Nilipoona ile jumla nimesimama nikacheka peke yangu kama mwehu, bi mkubwa kauliza umepata nini nikamwambia mumeo yupo hai.

Koili rangi yake kahawia iliyoiva lakini hazijawa nyeusi. Sasa nisafishe na nini? Nina petroli na thina.

Binti Pangani
Thina isiingie kwenye koili!! Zile waya zimepakwa vanishi na vanishi ndo inayozitenganisha, thina inailainisha alafu unaanza kulia upya. Koili unatumia brashi kavu ya meno na kitambaa umekilowesha spiriti kidogo tu umekikamua, unafuta juu juu, unaacha ikauke juani kutwa nzima. Petroli jikoni hapana hata kama jiko limezimwa.

Mapanga na bodi (mota ikiwa imetoka) maji ya moto na sabuni ya unga, loweka. Watu watakwambia magadi au soda kali, hiyo inakula alumini, utatoa panga limekuwa jeusi lina vidoti. Mimi nilishaharibu sufuria mbili za mama mkwe kwa njia hiyo na bado nakumbushwa kila Idi.

Mzee wa Spana
Nati ya kinyume ni kosa langu sikusema. Inafungwa kinyume ili feni ikizunguka ijikaze yenyewe. Kumbuka hilo, litarudi.

Bushi. Zile ni za shaba ya unga iliyoshindiliwa, ina vitundu visivyoonekana kwa jicho, mafuta yanakaa ndani ya chuma chenyewe na kwenye kile kipande cha sufi kilichoizunguka. Mafuta ya kula yakipata joto kila siku yanakuwa gundi na kuziba vile vitundu. Grisi nayo usiweke, inaziba vilevile. Na hii dawa ya kopo ya kupuliza wanayopenda vijana, inaosha vizuri lakini ikishakauka haiachi mafuta ya maana, wiki mbili unarudi palepale.

Ingiza shafti kwenye bushi itikise juu chini. Ikicheza kwa kuhisi, bushi imekwisha, chukua rota uende nayo dukani upime palepale kwa mkono, usikadirie. Isipocheza, osha kwa mafuta ya taa mpaka yatoke meupe, kausha, alafu iloweke kwenye oili ya mashine iliyopashwa moto kidogo, ilale humo usiku. Sufi ioshe au weka mpya, ilowe. Oili ya cherehani inafaa ila ni nyepesi, itabidi urudie mara kwa mara. Nzito kidogo ni bora, ile namba 20 isiyo na madawa ya injini.

Fyuzi mpya iwe 130 ileile. Usiichomelee kwa risasi ovyo, joto la msumari wa kuchomelea ndilo joto linaloikata, utaiua ukiwa bado umeishika. Ibane kwa vile vibomba vidogo vya kubania waya. Ukilazimika kuchomelea, shika mguu wake kwa koleo kati ya fyuzi na unapochomea, koleo linyonye joto, na ufanye haraka. Kisha irudishe ndani ya soksi yake na ifunge kwa uzi igusane na koili. Ukiiacha inaning'inia hewani umeweka pambo.

Mbongo wa Minnesota
Samahani kuingilia uzi, nimesoma wote kwa furaha. Mimi huku nina feni ya juu ya jiko nzima kabisa tumebadilisha jiko, nataka nimpelekee mama Arusha kwenye kontena. Ni ya volti 120. Nikinunua transfoma ya kushusha si itafanya kazi?

Mzee wa Spana
Transfoma inashusha volti, haibadilishi mzunguko wa umeme, zile hezi. Huko kwenu ni 60 kwa sekunde, huku ni 50. Mota ya ncha nne inayolenga kuzunguka mara 1800 kwa dakika huko, huku italenga 1500, itavuta moshi pungufu kidogo, na kwa volti zilezile 120 itapata moto kuliko ilivyozoea. Ukiishusha mpaka kama 100 itatulia. Lakini kwa gharama ya kontena na transfoma mnunulie mama ya hapahapa. Na kama ina taa na vitufe vya kielektroniki usijisumbue kabisa.

Mbongo wa Minnesota
Nimekuelewa mzee, inabaki huku.

Chachandu
Shafti haikucheza! Bushi zimelala kwenye oili, asubuhi nimepiga shafti kidole inazunguka kama pia. Kapasita ya 2 nimeipata Kariakoo, rafiki kanitumia kwa basi pamoja na fyuzi tatu, nimenunua za akiba. Kapasita ya zamani kumbe multimita niliyoazima inapima, nimeipima kwa hasira tu: 0.8. Kwa hiyo na yenyewe ilikuwa imekufa, nyote mlikuwa sahihi, mgombane wenyewe.

Nimefunga kila kitu, nimejaribia sebuleni mezani kabla ya kupachika. Inazunguka kimyaaa.

Ila inapuliza kinyume. Upepo unakuja mbele badala ya kwenda nyuma. Nikigeuza mapanga itakuwa sawa?

Kijana wa Luthuli
Zima haraka! Kumbuka ile nati ya mzee, ikizunguka kinyume inajifungua, utaona mapanga yanakuja kukusalimia.

Kugeuza mapanga hakusaidii. Ukilipindua lile panga bado linasukuma upepo upande uleule, ila sasa kwa uvivu. Lazima mota yenyewe igeuzwe. Wewe umeingiza moto kwa waya ya njano. Koili ya kazi ni ile ya omu ndogo, hiyo yako ya 310, nyekundu. Moto uingie kwa nyekundu moja kwa moja, kapasita ikae kati ya nyekundu na njano, nyeusi iende nyutro. Umebadilisha tu hizo mbili.

Chachandu
Imekubali. Nimehamisha waya mmoja tu na ikageuka, sikuamini ni kitu kidogo hivyo.

Mkwaju
Usipachike ukutani kwa zile waya za tepu lakini! Na ethi?

Chachandu
Hapana kaka, hapo nimemtafuta fundi mwenye leseni, si yule wa kuangalia kwa macho. Kaja na kile kipimo chake cha volti 500, kapima koili na bodi, kasema iko juu ya megaomu nyingi hana wasiwasi, kwake chini ya moja ndo angeikataa. Swichi kaigeuza ikate moto. Waya mzima kutoka swichi mpaka feni kabadilisha, wa nyuzi tatu, ethi kaivuta upya mpaka kwenye boksi kubwa, lile bomba kalipima kama ulivyosema Mkwaju, kasema hilo siyo ethi hiyo ni historia. Maungio yote yamekaa kwenye boksi lenye mfuniko pembeni mbali na mvuke wa karai, konekta za skrubu, hakuna tepu hata ya kufungia zawadi.

Nikamuuliza swichi ngapi zingine humu ndani zinakata nyutro. Kakuta mbili, moja ya bafuni. Bi mkubwa alikuwa anasema siku zote kishikio cha taa ya bafuni kinamtekenya vidole, sisi tukawa tunamwambia ni uzee mama. Hilo limeniuma kuliko yote.

Mzee wa Spana
Pole. Umeshalirekebisha.

Usiku angalia kitu kimoja, feni ikianza taratibu saa mbili usiku wakati mtaa mzima umewasha, pima volti kwanza kabla hujalaumu mota.

Chachandu
Nimepima jana usiku saa mbili na nusu, 185. Inaanza lakini inasitasita kama sekunde tatu nne.

Mkwaju
Hiyo kawaida. Nguvu ya kuanzia inakwenda na volti mara yenyewe, 185 kwa 230 siyo imepungua moja ya tano, inabaki kama theluthi mbili tu ya nguvu. Ndiyo maana bushi lazima iwe laini. Ikikataa kabisa kuanza zima, usiiache imesimama inanguruma. Huku kwetu Ramadhani jioni feni zote za Mji Mkongwe zinaanza kwa dua.

Binti Pangani
Na mwambie mama afungue dirisha la upande wa pili au mlango akiwasha. Feni haivuti moshi kutoka hewani, lazima hewa nyingine iingie, jikoni pakifungwa pote inazunguka bure. Hasa kama anatumia na mkaa.

Chachandu
Anatumia mkaa kwa maandazi gesi kwa samaki. Mlango wa uani uko wazi siku zote kuku wanaingia.

Nyundo Butu
Wakuu nimesoma uzi wote tena. Jana nimeenda kufungua ile yangu ya dairekti. Waya niliounga umekuwa mweusi na ile soksi imekauka ukiigusa inamomonyoka. Chachandu zile fyuzi za akiba, moja unauza?

Chachandu
Nakutumia bure, nipe jina la basi inbox 😂

Alafu wakuu kuna tatizo jipya. Jirani wa nyuma kaja asubuhi. Anasema kwa zaidi ya mwaka alikuwa anaanika nguo ukutani kwetu bila shida, leo shuka zake zote zinanuka samaki. Bi mkubwa kamjibu hiyo ni hewa ya mume wangu. Nifanye bomba la kupandisha juu au nimhamishie kamba yake?